Nyumba ya mbele, nyumba ya nyuma: namna Lubumbashi ilivyojifunza kupangisha

Ukipita leo katika komini ya Kenya, Katuba au Ruashi, ni shida kupata kiwanja chenye jamaa moja tu. Mbele kuna nyumba, nyuma kuna vyumba viwili vitatu vilivyopangana ukutani, na katikati choo kimoja na bomba au kisima cha wote. Mwenye kiwanja mara nyingi ndiye anayelala nyuma. Nyumba nzuri ya mbele amempa mpangaji, kwa sababu ndiyo inayoleta pesa ya shule na ya chakula. Watu wa mji wanaona ni jambo la kawaida, kana kwamba limekuwepo siku zote, lakini lina historia yake, na jamaa zinazofika leo Lubumbashi bila nyumba zinaingia moja kwa moja ndani ya historia hiyo.

Mji ulianza mwaka 1910, reli kutoka kusini ilipofika na Wabelgiji wakauita Élisabethville. Tangu mwanzo nyumba ilifuata kazi. Mfanyakazi wa Union Minière alikaa katika kambi ya kampuni, katika nyumba ya kampuni. Hakuweza kuiuza wala kuipangisha kama mali yake, na kazi ikiisha, nyumba nayo ilirudi kwa kampuni. Mboyi wa Mzungu alilala katika boyeri, kachumba ka uani nyuma ya nyumba ya bwana wake. Wale wasiokuwa wa kampuni wala wa bwana waliwekwa katika mtaa wa Waafrika, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1920 ulisogezwa mbali na mji wa Wazungu, na katikati ikaachwa nafasi tupu. Ndiyo asili ya Kamalondo. Kenya ilifuata baadaye, kisha Katuba na Ruashi katika miaka ya 1950.

Ni katika mitaa hiyo, si katika kambi, kupangisha kulikoweza kuota mizizi. Mwenye kiwanja alikuwa na ruhusa ya kukaa na kujenga, na kila mwaka mji ulileta watu wapya waliotafuta mahali pa kulala. Hata hivyo ardhi yenyewe haikuwa yake. Sheria ya kumruhusu Mkongomani kumiliki ardhi na nyumba kwa jina lake mwenyewe ilikuja mwaka 1953 tu, miaka saba kabla ya uhuru. Tofauti hiyo ya zamani kati ya kukaa mahali na kuwa na haki juu yake bado inawatesa watu hadi leo.

Baada ya uhuru serikali ilichukua ardhi yote. Sheria ya Bakajika ya 1966 ilifungua njia, na sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema wazi kwamba udongo ni mali ya Serikali, haiuzwi. Raia anapewa haki ya kuutumia, na karatasi inayothibitisha haki hiyo ni setifika ya kuandikishwa, inayotolewa na mtunza hati za ardhi. Fishi ya kiwanja kutoka komini haitoshi, wala barua ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mashahidi wawili. Ni watu wangapi wamejenga vyumba vya kupangisha juu ya karatasi hizo mbili tu? Ni wengi mno, na mahakama za mji zinawafahamu.

Mwaka 1992 na 1993 Katanga ilionyesha kwa ukatili kwamba nyumba inaweza kupotea kwa siku moja. Watu waliokuwa na asili ya Kasai walifukuzwa, hasa Likasi na Kolwezi, mamia ya maelfu. Wengine walikuwa wamezaliwa huku na wazazi wao pia. Walilala katika vituo vya gari moshi wakingoja mabehewa. Nyumba nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa, nyingine zilibaki mikononi mwa wengine. Aliyeondoka na karatasi zake alikuwa angalau na kitu cha kuonyesha siku ya kurudi kudai. Aliyeondoka bila karatasi alibaki na neno lake tu.

Wakati huohuo Gécamines, iliyochukua nafasi ya Union Minière mwaka 1967, ilikuwa inaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukashuka, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika ile iliyoitwa departi volontere, kila mmoja na pesa yake mkononi. Hapo mji ulifanya hesabu yake. Wako walionunua basi dogo la abiria, likaharibika. Wako waliolima. Na wako walionunua kiwanja, wakaanza na aneksi ya nyuma.

Namna ya kuanza haijabadilika sana. Udongo wa kichuguu, ambao Haut-Katanga imebarikiwa nao, unafyatuliwa matofali hapohapo kiwanjani au jirani, kisha yanachomwa. Kwanza inajengwa aneksi, vyumba viwili. Jamaa inahamia humo na kuacha kulipa kodi kwa mwingine, na pesa iliyokuwa inakwenda kwa bayeri inanunua simenti. Nyumba ya mbele inapanda taratibu, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mabati baadaye. Ikiisha, inapangishwa. Asiye na mshahara wa uhakika hana njia nyingine iliyo bora kuliko hiyo. Kosa linalowaangusha wengi ni kukopa ili kuanza na nyumba kubwa ya mbele.

Shida zinakuja baadaye, na nyingi ni ndogo za kila siku: bili moja ya SNEL kwa jamaa nne, maji ya REGIDESO yanayokatwa kwa deni la mmoja, choo kinachojaa. Bayeri anayekaa uani anaziona zote kwa macho yake, na hapo ndipo anapomshinda bayeri wa mbali.

Kubwa zaidi ni garanti. Tangu kampuni za kigeni zilipoingia kwa wingi baada ya kodi ya madini ya 2002, bei za mtaa wa Golf zilipanda kwa dola na kuvuta mitaa mingine nyuma yake. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kukaa inasema garanti isizidi kodi ya miezi mitatu. Bado kuna mabayeri wanaodai zaidi, na komisioneri anataka chake juu. Jamaa iliyokimbia vita haina pesa ya miezi sita, wala haijui kwamba haidaiwi. Mkataba ulioandikwa, nakala moja kwa kila upande, na risiti ya garanti, ndivyo vinavyopelekwa kwenye huduma ya habitat ya komini ugomvi ukitokea. Huko ndiko pande zote mbili huanzia, kabla ya mahakama.