Gari Likijirusha, Tumuulize Nani? (UZI)

1/ Mjadala wa magari ya umeme ukipamba moto hapa mtandaoni, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajatupia video: gari limeparamia ukuta, dereva anaapa alikuwa kwenye breki. Kambi moja inasema haya magari ni hatari, serikali iyapige marufuku. Kambi nyingine inasema dereva hajui kuendesha. Halafu matusi yanaanza. Wacha niwape historia, kwa sababu hii ngoma ina karibu miaka 40, na ilianza na magari ya petroli.

2/ Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huchanganya. Kuna gari KUJIRUSHA: linaongeza mwendo bila wewe kutaka. Na kuna gari KUKATA NGUVU: uko barabara kuu, lori liko nyuma yako, ghafla gari linalegea na kuzima. La kwanza hupata vichwa vya habari. La pili ndilo limefanya magari mengi ya umeme yaitwe gereji. Twende polepole.

3/ Marekani, Novemba 1986. Kipindi cha 60 Minutes cha televisheni ya CBS kinaonyesha familia zinazosema gari la Audi 5000 lilichomoka lenyewe wakiwa wamekanyaga breki. Kwenye picha moja, pedali inashuka yenyewe, hakuna mguu. Nchi nzima ikashtuka. Ila baadaye ikajulikana kwamba gari hilo la maonyesho lilikuwa limetobolewa kwenye gia na kupitishiwa hewa ya mgandamizo ili pedali ishuke.

4/ Mwaka 1989 mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, ikatoa ripoti. Visa vingi vilitokana na dereva kukanyaga pedali isiyo yake. Lakini soma mpaka mwisho: ripoti ilisema pia kwamba mpangilio wa pedali ulichangia, na kwamba hitilafu ndogo ya injini iliweza kumshtua dereva kabla hajakosea. Mguu ulikosea, sawa. Lakini aliyepanga pedali pia alikuwa na mkono hapo.

5/ Matokeo? Mauzo ya Audi Marekani yaliporomoka kutoka magari zaidi ya 74,000 mwaka 1985 hadi kama 12,000 mwaka 1991. Na sisi wote tukapata zawadi moja: ile kufuli inayozuia gari la otomatiki kutoka kwenye P mpaka ukanyage breki ilienea baada ya sakata hilo. Kwa hivyo hata pale dereva alipokosea, dawa haikuwa kumtukana dereva. Dawa ilikuwa kubadilisha gari.

6/ Ruka hadi Agosti 2009. Karibu na San Diego, polisi wa barabarani aliyekuwa nje ya zamu na watu watatu wa familia yake walikufa ndani ya Lexus waliyoazimwa na muuzaji wakati lao likihudumiwa. Kabla ya ajali, mmoja wao alipiga simu ya dharura akisema gari halisimami. Huyo dereva huwezi kumwita mgeni wa usukani. Chanzo kilikuwa kapeti ya sakafuni, ya modeli nyingine, iliyonasa pedali ya mafuta.

7/ Toyota ikayaita mamilioni ya magari kwa sababu ya kapeti, kisha Januari 2010 ikaita mengine milioni 2.3 kwa sababu ya pedali zinazokwama. Rais wa kampuni, Akio Toyoda, akaitwa mbele ya Bunge la Marekani. Sasa swali likawa zito zaidi: je, ni kompyuta? Maana pedali za kisasa hazivuti waya. Zinatuma ujumbe tu.

8/ NHTSA ikawaita watu wa NASA. Ndiyo, wale wa anga za juu. Februari 2011 jibu likaja: hawakupata hitilafu ya elektroniki iliyosababisha magari kujirusha. Wengi wakafunga kitabu hapo. Lakini Oktoba 2013, jopo la raia mahakamani Oklahoma lilisikia mtaalamu aliyekagua programu ya gari na kueleza kasoro zake, likaipata Toyota na hatia kwenye ajali ya 2007 na kuamua ilipe dola milioni 3.

9/ Halafu Machi 2014 Toyota ikakubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2. Si kwa sababu ya kompyuta. Ni kwa sababu ilikuwa imewapotosha wateja kuhusu kapeti na pedali. Hapa ndipo siasa inaingia. Kampuni inaweza kuwa sahihi kuhusu jambo moja na bado ikawa imedanganya kuhusu lingine. Ukishabikia upande mmja kama timu ya mpira, huwezi kuona hilo.

10/ Na shikeni hii, kwa sababu ndiyo kiini cha uzi mzima. Magari yale yalikuwa na kisanduku kinachorekodi sekunde za mwisho kabla ya ajali: mwendo, breki, pedali. Lakini wakati sakata linawaka, ilibainika kwamba Toyota ilikuwa na kompyuta moja tu Marekani nzima ya kukisoma. Familia imefiwa, ushahidi uko ndani ya gari lao wenyewe, na ufunguo uko kwa mshtakiwa.

11/ Sasa tuje kwenye umeme. (Bado tunasema "kanyaga mafuta" hata pale hakuna mafuta, lugha ina ubishi wake.) Kwenye gari la umeme, pedali ina vihisio viwili vinavyolinganishwa, vikitofautiana, kompyuta inatakiwa kupunguza nguvu. Mota haisubiri gia wala injini kupanda mizunguko. Nguvu yote huja papo hapo. Kwa hivyo kosa la nusu sekunde ambalo gari la zamani lingekusamehe, hili halikusamehi.

12/ Kuna jambo la pili. Ukiinua mguu, mota inageuka jenereta: inachaji betri na kupunguza mwendo kwa nguvu. Dereva anazoea kutumia pedali moja kwa kila kitu, breki anaigusa mara chache. Siku ya hofu, mguu unarudi pale ulipozoea. Ukimuuliza, ataapa alikanyaga breki, na hadanganyi. Hivyo ndivyo anavyokumbuka.

13/ Mwishoni mwa 2019, ombi rasmi lilipelekwa NHTSA likitaka magari karibu 500,000 ya Tesla yachunguzwe kwa kujirusha. Aliyeliandika alikuwa mwekezaji aliyeweka dau kwamba hisa za kampuni zitashuka, na kampuni ikalishikilia hilo. Mamlaka haikujibu kwa kuangalia sura ya mlalamikaji. Ilipitia malalamiko zaidi ya 200 na data za magari, na Januari 2021 ikasema: ushahidi unaonyesha pedali zilikanyagwa kimakosa. Hakuna uchunguzi zaidi.

14/ Uchina ilipita njia nyingine. Aprili 2021, kwenye maonyesho ya magari Shanghai, mwanamke mmoja alipanda juu ya paa la Tesla akipiga kelele kwamba breki zilifeli. Alizuiliwa siku 5. Kwanza kampuni ilikaza shingo, kisha ikaomba radhi, kisha ikatoa data ya gari lake. Naye akalalamika kwamba data yake imeanikwa hadharani. Unaona? Ugomvi ulianza na breki, ukaishia kwenye data ni ya nani.

15/ Mei 2023 mamlaka ya soko ya Uchina ikatangaza kuitwa kwa Tesla zaidi ya milioni 1.1. Hawakusema magari yanajirusha. Walisema dereva hawezi kuchagua ukali wa ile breki ya mota, na gari halimwonyi vya kutosha akikanyaga pedali ya mwendo sana na kwa muda mrefu. Marekebisho yakatumwa kwa intaneti. Tena ule mtindo wa 1989: mguu umekosea, basi tengeneza gari linalosaidia mguu.

16/ Na kabla hujasema "basi ni madereva tu": Aprili 2024 Tesla iliita malori yake ya Cybertruck 3,878. Kifuniko cha pedali kiliweza kuteleza na kunasa, pedali ikabaki chini. Sababu? Kiwandani mtu alitumia sabuni kukiingiza. Sabuni, bana. Teknolojia yote hiyo, na hadithi imerudi palepale pa kapeti ya 2009.

17/ Japani inatuhusu zaidi, maana magari yetu mengi ya mtumba hutoka huko. Aprili 2019, mtaa wa Ikebukuro, Tokyo, dereva wa miaka 87 aliyekuwa afisa mkubwa serikalini aligonga watu kwa Prius. Mama na binti yake wa miaka 3 wakafa. Alisisitiza gari lilikuwa na hitilafu. Umma ukaamini cheo kitamwokoa. Mahakama ikaangalia rekodi za gari, hakuna dalili ya breki kukanyagwa, na 2021 akafungwa miaka 5. Kuanzia Septemba 2028, magari mapya ya otomatiki huko yatalazimika kuwa na mfumo wa kuzuia kosa hilo la pedali.

18/ Sasa lile la pili, kukata nguvu. Hapa kisingizio cha mguu hakipo. Juni 2022 Ford iliita Mustang Mach-E karibu 49,000: swichi kubwa za betri ziliweza kupata joto kali na gari likapoteza nguvu njiani. Dawa ya kwanza ilikuwa programu. Wamiliki waliotengenezewa wakalalamika tena, mamlaka ikauliza maswali, na 2023 Ford ikayaita upya. Bila mtu wa kuuliza mara ya pili, kesi ingekuwa "imetatuliwa".

19/ Machi 2024 ikawa zamu ya Hyundai na Kia: karibu magari 147,000 Marekani na karibu 170,000 Korea Kusini. Kifaa kinachochaji ile betri ndogo ya volti 12 kiliweza kuharibika. Wengi hawajui kwamba gari la umeme lina betri mbili. Ile kubwa ikiwa imejaa lakini ndogo imekufa, gari linazima. Novemba mwaka huohuo Marekani wakaita tena karibu 208,000, yakiwemo yaliyokuwa yamepita gereji.

20/ Kwetu je? Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2023 ikaja bei maalum ya umeme wa kuchaji. Mijadala yetu yote imekuwa ya bei: ushuru, tokeni, chaja ziko wapi. Ni maswali mazuri. Ila ni maswali ya kununua gari. Ya siku gari likiua mtu hatujayafikia.

21/ Ajali ikitokea hapa, sentensi huwa tayari imeandikwa: "gari lilipoteza mwelekeo" au "dereva alishindwa kulidhibiti". Ikisomwa kwenye habari ya saa moja, imeisha. Ukiiangalia vizuri, hiyo sentensi inaeleza kilichoonekana, haielezi kilichosababisha. Dereva wa matatu au wa kampuni anaweza kwenda jela kwa sentensi hiyo. Au, upande wa pili, aliyeua mtu kwa uzembe anasema "breki zilifeli" na hakuna wa kumbishia.

22/ Kuna na hili la mtumba. Sheria yetu inaruhusu gari lisilozidi miaka 8. Mtengenezaji akiita magari Japani, barua huenda kwa mmiliki aliyesajiliwa kule. Yule alishaliuza, liko Mombasa, kesho liko Kisii. Gari la zamani lilikuja na ubovu ambao fundi angeusikia kwa sikio. La umeme linaweza kuja na programu ya zamani ambayo sikio halisikii.

23/ Si kwamba hatuna msingi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora, ya kupewa taarifa, ya kulindwa usalama wake, na ya kulipwa akidhurika. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa mtu mwingine zinazohitajika kulinda haki yake. Visome pamoja: data ya gari lililoua mtu wako si siri ya muuzaji. Lakini karatasi haifungui kompyuta ya gari.

24/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote, wa mrengo wowote, akija kuwaahidi magari ya umeme, au kuwatisha nayo, muulizeni haya manne:
• Gari likipata ajali, nani serikalini ana kifaa na ujuzi wa kusoma rekodi yake bila kumtegemea muuzaji?
• Familia ya aliyekufa itaipata rekodi hiyo kwa siku ngapi?
• Gari likiitwa lilikotengenezwa, nani anamjulisha mwenye gari huku?
• Mtengenezaji akisema ameshatengeneza, nani anakagua tena?

25/ Mimi nayapenda haya magari, na sitaki yauawe na video ya sekunde 15 kama Audi ilivyoponea chupuchupu. Pia sitaki dereva afungwe kwa sababu hakuna aliyejua kuuliza gari swali. Kwa miaka 40, palipopatikana jibu, palikuwa na mtu asiye dereva wala muuzaji mwenye mamlaka ya kulifungua gari. Sisi wa kwetu ni nani? Mwenye jina la ofisi aliweke hapo chini. Matusi wekeni akiba.