Umbali wa Pigo: Kirumbizi, Goju-Ryu na Likinda

Kijana wa karate akisema anataka kuongeza mtindo wa pili, wenzake huanza kubishania ubora: judo au ngumi, taekwondo au mieleka. Ubishi huo hauishi, maana umeruka swali la kwanza, nalo ni la umbali. Kila mtindo umejichagulia umbali wake wa kupigania na kuuacha mwingine.

Tuanze na cha nyumbani. Kirumbizi, kinachochezwa Lamu wakati wa Maulidi, ni cha umbali wa fimbo. Wawili huingia uwanjani, zumari inalia, ngoma zinawachochea. Huzungukana, mmoja akatupa pigo, mwenziwe akalikinga. Miguu haitulii. Mkono mtupu hauna kazi pale, wala kukumbatiana.

Goju-ryu, mtindo wa karate, ni kinyume chake. Dar es Salaam ilitia mizizi kuanzia mwaka 1973, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alipoifundisha Shule ya Zanaki. Mwanafunzi wa mtindo huu hukaa na sanchin miaka na miaka: vidole vya miguu vimeelekea ndani, magoti yamekunjwa kidogo, viwiko vimebana mbavu, pumzi inashushwa tumboni, huku mwalimu akimpiga makofi mabegani na mapajani aone kama atayumba. Mwili wa namna hiyo umejengwa kwa ugomvi wa karibu, kifua kwa kifua.

Sasa mpe fimbo mtu wa sanchin, umtie kwenye kirumbizi. Umbali ameongezewa, hilo ni faida. Lakini miguu itagombana: huku amefunzwa kujikita, kule anatakiwa kwenda na zumari. Kwa maoni yangu gharama ya kuchanganya iko miguuni kuliko mikononi, na nadhani ndiyo maana wengi wenye mitindo miwili, wakibanwa, hurudia ule wa kwanza.

Jigoro Kano alilikwepa tatizo hilo alipoanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882. Alichanganya mitindo miwili ya jujutsu: Tenjin Shin'yo-ryu ilimpa kukaba na kazi ya chini, Kito-ryu ikampa kuangusha. Zote mbili zinaanzia kwenye kumshika mtu. Moja inapoishia ndipo nyingine inaposhika kazi.

Rufiji nayo ilikuwa na mchanganyiko wake, wa ngoma na gwaride, na kwangu ndio mzito kuliko yote. Ukivuka Daraja la Mkapa kuelekea Lindi unapita Chumbi, kisha Muhoro, ambako Wajerumani walimnyonga mganga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905. Watu wanamkumbuka kwa maji, dawa ya kuzuia risasi iliyovipa jina vita vya Maji Maji; likinda, mazoezi ya kivita, imesahaulika. Waliokwenda kwake Ngarambe kuchukua dawa walirudi vijijini na mazoezi hayo ya kivita, yakichezwa kama ngoma. Simulizi za wazee, zilizohaririwa na wanahistoria Gwassa na Iliffe mwaka 1968, zinaitaja. Hapa miguu haikugombana hata kidogo: anayejua kuingia ngomani kwa mpangilio hahitaji kufundishwa upya kutembea kwa safu, na akida wa Wajerumani akichungulia anaona watu wanacheza.

Kilichopungua ni umbali. Ngoma na gwaride vyote vilimfikisha mtu hadi pa kutupa mkuki, lakini risasi ilianza kazi mbali zaidi. Pengo hilo ndilo maji yalilotakiwa kuliziba. Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipolivamia boma la Wajerumani la Mahenge, bombomu ziliwakata kabla hawajaufikia ukuta. Baadaye Wangindo wa Abdallah Mapanda waligeukia vita vya msituni. Waliwavizia askari kwenye njia nyembamba za porini, ambako bunduki haikuwa na uwanda wa kulenga na mkuki ulifika.