Babu wa Mataruma

Mwansabombwe haina reli. Ina Mto Ng'ona, ina makao ya chifu Mwata Kazembe, ina barabara itokayo Mansa kwenda Nchelenge, na ukizidi kusogea kaskazini unalikuta Ziwa Mweru. Kwa treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inakubidi ufike Kasama, na huko si karibu. Ndiyo maana babu yangu alipostaafu akarudi nyumbani, watoto wa mtaa walimpa jina la Njanji, yaani reli. Hapakuwa na mwingine wa kugombania naye.

Mimi aliniita mke wangu, kama babu yeyote anavyomtania mjukuu wa kike. Bibi akisikia hujibu, "Basi mke mwenzangu na apike leo."

Kilichomtambulisha ni mwendo. Mataruma ya reli yamepangwa karibu mno kwa hatua kamili ya mtu mzima, na ukijaribu kuruka moja moja utachoka kabla ya saa nne. Kwa hiyo mtu wa genge la kutunza njia ya reli hujifunza kukata hatua fupi, sawasawa, macho chini. Babu aliitembea njia hivyo kila siku ya kazi, nyundo begani, akigonga nati na kusikiliza: iliyokaza hulia, iliyolegea hunyamaza. Aliporudi Mwansabombwe miguu haikukubali kusahau. Alikwenda sokoni kwa hatua zile zile, akaenda msibani kwa hatua zile zile, na sisi nyuma yake tukimwiga mpaka tukaacha kujua kwamba tunaiga.

Aliajiriwa reli ilipovuka mpaka kutoka Tunduma kuingia Nakonde, mwaka 1973. Habari za wakubwa alizieleza kwa pumzi moja: Ian Smith aliitangazia Rhodesia uhuru wake mwaka 1965, shaba ya Zambia ikawa inapita mlangoni kwa adui, Kaunda na Nyerere wakaomba kujengewa reli huku na huku wakanyimwa, Wachina wakakubali mwaka 1967. Ujenzi ulizinduliwa mwaka 1970. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zilitandikwa reli kufikia Juni 1975, na tarehe 14 Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi kwa serikali mbili. Kipande alichokitaja kwa heshima hakuwahi hata kukijenga: Mlimba hadi Makambako, ambako wenzake Watanzania walimsimulia milima, mahandaki na madaraja yanayofuatana kama shanga.

Kwa Watanzania hao ndiko alikookota Kiswahili. Lugha hii si ngeni kabisa kwetu. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekwisha kukaa huko miaka mingi. Lakini Kiswahili cha wafanyabiashara kilikuja na bunduki na pembe za ndovu. Cha babu kilikuja na kokoto, spana, behewa na bendera ya kijani. Sarufi yake ingemliza mwalimu. Aliwaamuru mbuzi kwa Kiswahili, na mbuzi walitii, jambo ambalo bibi hakulipenda.

Mji wetu umezoea kutaja watawala waliopita kwa mpangilio. Mwisho wa Julai, kwenye sherehe ya Mutomboko, Mwata hucheza na upanga na shoka mkononi, na wazee hawahitaji karatasi kukutajia Kanyembo, Lukwesa, Keleka. Babu naye alikuwa na orodha yake, na alitulaza nayo usiku: Kapiri Mposhi, Mkushi, Serenje, Mpika, Kasama, Nakonde. Hapo alinyamaza kidogo, kama mtu anayetoa hati apigiwe mhuri. Kisha Tunduma, Mbeya, Makambako, Mlimba, Ifakara. Wachache wetu tulifika Dar es Salaam tukiwa macho.

Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ziwani, na Kashikishi, mji wa wavuvi, nao hupungua kelele. Wajomba waliporudi kutoka ufukweni bila kazi, babu aliwakagulia mitumbwi ya mbao. Aligonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, akaweka alama ya mkaa pale paliponyamaza. Wavuvi walicheka. Halafu walileta lami, wakaziba palipo na alama.

Nilipokuwa na miaka tisa alinichukua hadi Kasama. Nilidhani tunakwenda kupanda treni, kumbe siku hiyo haikuwa ya treni ya abiria. Alivua kofia kwa mlinda stesheni, wakaulizana habari kwa muda mrefu mno kwa maoni yangu, tukaruhusiwa kusogea njiani. Akachutama. Alifuta vumbi kwenye bamba linalounganisha vipande viwili vya reli, akanionyesha upenyo kati yao. "Chuma nacho kinapumua, mke wangu. Jua likipanda kinarefuka. Usipokiachia nafasi, kinapinda."

Nikaweka kidole changu kidogo kwenye upenyo. Nilimwuliza kama bahari iko upande gani. Akanyosha mkono kuelekea Nakonde, kisha akanitaka nitembee kidogo juu ya mataruma, nionje. Ya zege, yana joto la mchana. Nikaweka mguu kwenye la kwanza, la pili, la tatu, na sikulazimika kunyosha hatua wala kuikata.

Nyuma yangu nikamsikia akimwambia mlinda stesheni, kwa Kiswahili chake kile: "Umemwona? Huyu nani alimufundisha?"