Kupeana ruhusa ni rahisi, kuirudisha ndio noma

Wasee, mnajua venye mapinduzi hufanyika kwa grupu ya WhatsApp. Mwenye grupu anamfanya msee mmoja admini. Huyo naye anawapa beshte zake wawili cheo hicho hicho. Siku ya ugomvi ikifika, mwenye grupu anamvua yule wa kwanza, anapumua, alafu anagundua wale wawili bado wako na nguvu zote. Dakika tano baadaye jina la grupu limebadilishwa na yule aliyevuliwa amerudishiwa cheo chake.

Tunacheka, lakini hilo ni swali zito. Ukimpa mtu ruhusa, naye akaipitisha kwa wengine, siku ukimnyang'anya, wale wengine inakuwaje? Jibu liliandikwa California mwaka wa 1976, WhatsApp ikiwa bado haijaota hata kama ndoto. Lilihusu hifadhidata, yaani ile mitambo inayoweka majina, namba, pesa na magonjwa yetu kwa majedwali yanayounganika. Maoni yangu ni kwamba hii ni moja ya akili bora zilizowahi kuwekwa kwa kompyuta, na sisi tunaitumia vibaya ama hatuitumii kabisa.

Twende pole pole.

Mwanzo kulikuwa na paswadi tu

Mwaka wa 1961, chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha mfumo unaoitwa CTSS. Ulikuwa unaruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, na kila mtu alikuwa na mgao wake wa saa. Ili wasee wasiibiane mgao na mafaili, wakawekewa paswadi.

Haikuchukua muda. Mwaka wa 1962, mtafiti kijana Allan Scherr aliona mgao wake hautoshi kazi yake. Akaomba kompyuta imchapishie faili fulani, na faili lenyewe lilikuwa ni lile la paswadi za watu wote. Ikamchapishia bila swali. Alafu mwaka wa 1966, kwa sababu ya hitilafu, faili la paswadi na faili la salamu za siku vikabadilishana nafasi. Kila aliyeingia kwa mfumo akakaribishwa na paswadi za wenzake wote.

Hapo ndipo unaona udhaifu wa paswadi peke yake. Paswadi inauliza "wewe ni nani?" Haiulizi "umekuja kufanya nini, na nani alikutuma?" Ukishapita mlango, nyumba yote ni yako, kuanzia jikoni hadi chini ya godoro.

Watu wote kwa meza moja

Mwaka wa 1970, Mwingereza Edgar Codd, mtafiti wa IBM pale San Jose, alichapisha wazo la kupanga data kwa majedwali yanayohusiana. Badala ya kila idara kuwa na faili lake la siri, data zote zinakaa pamoja na kila mtu anauliza anachotaka. Katikati ya miaka hiyo ya 1970, IBM wakaunda mradi wa System R kuona kama wazo hilo linaweza kufanya kazi kweli. Hapo ndipo lugha ya SQL ilizaliwa, mikononi mwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce.

Sasa fikiria tatizo. Ukiweka mishahara, anwani na madeni ya watu mahali pamoja, mtu wa kupokea wageni na mtu wa kulipa mishahara wanagonga mlango mmoja. Huwezi kuwapa ufunguo mmoja. Na huwezi kumwita mkubwa wa kompyuta kila mara mtu anapohitaji kuona kitu, juu kazi italala.

Patricia Griffiths, ambaye baadaye alijulikana kama Patricia Selinger, na Bradford Wade wakaja na mpango. Anayeunda jedwali ndiye mwenyewe, ana ruhusa zote juu yake. Anaweza kumpa mwingine ruhusa moja moja: kusoma tu, kuongeza, kubadilisha, kufuta. Akitaka, anampa pia uwezo wa kuipitisha kwa wengine. Amri ya kupeana ikaitwa GRANT. Amri ya kurudisha ikaitwa REVOKE.

GRANT ni rahisi, hata mtoto anaweza kuiwaza. Akili yote iko kwa REVOKE.

Ujanja wa Kamau na Halima

Achieng ameunda jedwali. Anampa Kamau ruhusa ya kusoma na kupitisha. Kamau anampa Halima. Kamau ni mjanja, anamwambia Halima, "Nirudishie hiyo ruhusa kwa jina lako." Sasa Kamau ana ruhusa mbili, moja kutoka kwa Achieng na moja kutoka kwa Halima. Achieng akimnyang'anya, Kamau anasema, "Mimi bado niko, nilipewa na Halima." Halima naye anasema, "Mimi nilipewa na Kamau." Wameshikana mikono hewani, hakuna aliyesimama chini.

Dawa ya Griffiths na Wade ilikuwa saa. Kila ruhusa inaandikwa nani alimpa nani, na lini. Achieng akichukua yake, mfumo unauliza: Kamau alipompa Halima, alikuwa na ruhusa nyingine ya mapema zaidi ya kumwezesha? Hapana. Basi ya Halima inaanguka. Na ile Halima aliyomrudishia Kamau inaanguka pia, kwa sababu imekuja baadaye na mzizi wake umeng'olewa. Lakini kama Halima alikuwa amepewa ruhusa pia na Achieng mwenyewe, yeye anabaki. Haadhibiwi kwa makosa ya Kamau.

Hebu linganisha na grupu yako ya WhatsApp. Huko ukimvua admini, aliowaweka wanabaki.

Hata hao walikosea kidogo

Hii ndiyo sehemu naipenda zaidi. Mwaka wa 1978, Ronald Fagin, pia wa IBM, alionyesha kwamba mpango ulikuwa na tundu. Mfumo ulikuwa unaweka kumbukumbu moja tu kati ya watu wawili kwa kila aina ya ruhusa, hata kama ilitolewa mara mbili.

Sema Kamau amepewa ruhusa na Achieng Januari, akampa Halima Februari. Machi, Kamau anapewa tena na Otieno, ambaye naye ana haki ya kupeana. Aprili anampa Halima kwa mara ya pili, ila mfumo hauandiki, unasema "si tayari anayo?" Mei, Achieng anamnyang'anya Kamau. Mfumo unaona Kamau amebaki na ruhusa ya Machi, na Halima alipewa Februari, kabla ya Machi. Kwa hivyo Halima anatolewa. Lakini Halima alistahili kubaki, juu alipewa tena Aprili, kihalali kabisa. Dawa ya Fagin ilikuwa kuandika kila utoaji, hata ukijirudia, na akathibitisha kwa hesabu kwamba sasa mambo yako sawa.

Watu wa kompyuta walikaa chini na kuhangaika mtu asitolewe bila haki. Kwa hiyo hii stori haihusu kufungia watu nje pekee. Kuna dhuluma mbili: asiyestahili kubaki ndani, na anayestahili kutupwa nje. Mfumo mzuri unazuia zote mbili.

Kutoka maabara hadi kwa kila seva

Oracle waliuza hifadhidata yao ya SQL mwaka wa 1979. SQL ikawa kiwango rasmi Marekani mwaka wa 1986, na GRANT ikaenda nayo. Toleo la 1992 likaweka chaguo wazi unaponyang'anya: ama ukate mti na matawi yake yote, ama mfumo ukatae mpaka matawi yashughulikiwe kwanza.

Mwaka huo huo wa 1992, David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wakaandika kuhusu kugawa ruhusa kwa cheo badala ya mtu. Unaunda cheo cha "mhasibu", unakipa ruhusa zake, alafu unamvalisha mtu. Akiondoka, unamvua. Waswahili walishasema cheo ni koti la kuazima. SQL ikaliingiza wazo hilo kwa kiwango cha 1999. PostgreSQL wakalipata 2005, na MySQL wakasubiri mpaka toleo la 8.0 mwaka wa 2018.

Na hapa ndipo nina kesi na historia. Tangu 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder walikuwa wamesema kila mtu na kila programu ipewe ruhusa inayotosha kazi yake tu, basi. Lakini kwa miaka mingi ukiweka MySQL, akaunti kuu ya root ilikuja bila paswadi, mpaka toleo la 5.7 la mwaka wa 2015 lilipoanza kuiwekea. PostgreSQL nayo iliruhusu yeyote aliyeingia kuunda vitu kwa eneo la wote mpaka toleo la 15, mwaka wa 2022. Miaka 47 baada ya ushauri kutolewa.

Sasa njoo nyumbani

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Tuna Kamishna wa Data, na wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa 2020. Sheria inamtaka anayeshika data zako aweke ulinzi wa kiufundi na wa kiutaratibu. Safi kabisa. Lakini sheria haiwezi kuandika REVOKE. Lazima mtu aketi aiandike.

Na mnajua venye mambo huenda. Kampuni changa ina akaunti moja, root, paswadi iko kwa grupu ya kazi. Mtu wa mauzo anaitumia. Mwanafunzi wa attachment anaitumia. Tovuti yenyewe inayoonyesha bei ya viatu inaingia na akaunti inayoweza kufuta kila jedwali. Hapo mtu wa nje akipenyeza amri zake kupitia kisanduku cha kutafuta, ujanja uliojulikana hadharani tangu 1998, amekuta funguo mezani. Angekuta akaunti ya kusoma tu jedwali la viatu, angeondoka na bei za viatu.

Najua mtasema, "Sisi tunaaminiana." Sawa. Lakini ruhusa si kipimo cha uaminifu. Siku namba za wateja zikivuja na nyote saba mlikuwa mnatumia root, nyote saba ni washukiwa. Yule ambaye akaunti yake haiwezi kuona namba hizo analala usingizi. Ruhusa ndogo inamlinda mwenye data, na inamlinda pia mfanyakazi.

Kwa hivyo kama unajifunza kazi hii, ama una kabiashara kenye hifadhidata, andika SHOW GRANTS FOR kwa kila akaunti ya MySQL, ama \dp kwa PostgreSQL, usome jina kwa jina. Utapata msee aliyetoka kitambo na bado anaweza kufuta kila kitu. Mchukulie ruhusa leo, alafu mtumie salamu. Si uadui. Ni ufunguo wa nyumba ambayo haishi tena.