Kisawe na Kisanduku: Historia Fupi ya Jedwali la Maneno na Funzo Lake kwa Kiswahili

Mchezo wa kujaza maneno katika jedwali, ambao aghalabu tunauita chemshabongo, huhesabiwa na wengi kuwa ni wa kupitishia wakati tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia yake ni historia ya swali ambalo wanaisimu tungali tunalijadili: ni lini neno moja laweza kushika nafasi ya jingine?

Jedwali la kwanza la aina hii lilichapishwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World. Mtungaji wake, Arthur Wynne, alikuwa mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani. Jedwali lilikuwa na umbo la almasi, na madokezo yake mengi yalikuwa fasili fupi: msomaji alipewa maana, naye akatafuta neno linalotosha visanduku. Mwaka 1924 Simon na Schuster walitoa kitabu cha kwanza cha majedwali hayo, na mchezo ukawashika watu kwelikweli. Kilichohitajiwa na wajazaji ni visawe, na kazi ya kuvikusanya ilikuwa imekwisha kufanywa na tabibu Peter Mark Roget, ambaye Thesaurus yake ilitoka London mwaka 1852. Roget aliyapanga maneno kwa dhana, si kwa alfabeti. Hivyo mwenye maana bila neno alipata pa kuanzia.

Mchezo ulipofika Uingereza, fasili tupu hazikuwatosha watungaji. Edward Powys Mathers, aliyetumia jina la Torquemada, alianza kutunga katika gazeti la Observer mwaka 1926. Madokezo yake yalifumbwa: maneno yalionekana kusema jambo moja kumbe yalikusudia jingine. Baada ya kufariki kwake mwaka 1939, D. S. Macnutt alishika nafasi hiyo kwa jina la Ximenes. Lakini fumbo lisilo na kanuni hugeuka udanganyifu. A. F. Ritchie, aliyejiita Afrit, jina ambalo Mswahili atalisikia mara moja kuwa ni la afriti, alisisitiza mwaka 1949 kwamba mtungaji ana ruhusa ya kumpoteza msomaji njia, ila hana ruhusa ya kumwambia uongo. Mwaka 1966 Ximenes aliifafanua kanuni hiyo katika kitabu kizima: dokezo liwe na fasili sahihi, liwe na mchezo wa maneno ulio wa haki, na lisiwe na cha ziada.

Kwetu sisi kufumba na kufumbua si jambo geni. Washairi wa Mombasa, Muyaka bin Haji miongoni mwao, walijibizana kwa mafumbo karne nzima kabla ya Wynne. Tukitunga dokezo hili, "Mnyama juu ya nyumba (herufi 3)", mjazaji ataona upesi kuwa jibu ni PAA, kwa maana zake mbili. Hata hivyo Kiswahili kina sharti ambalo Kiingereza hakina, nalo ni upatanisho wa kisarufi. Barua na waraka ni visawe, lakini dokezo "Imetiwa katika bahasha" linakubali BARUA na kuukataa WARAKA, kwa kuwa barua imetiwa, ilhali waraka umetiwa. Kwa hiyo kisawe chetu hakiingii mahali pa mwenzake bila kuibadili sentensi nzima. Mtungaji asiyeliangalia jambo hili ama atalitoa jibu bila kukusudia, ama atamhukumu mjazaji kwa kosa lisilo lake.

Lipo jambo jingine zito zaidi. Tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, maneno mengi ya lahaja nyingine yamebaki kando. Mwenyeji wa Lamu anayesema ito badala ya jicho, au anayelijua neno munyu kwa maana ya chumvi, amezoea kusahihishwa. Jedwali halimsahihishi. Jedwali huuliza idadi ya herufi tu: JICHO ni 5, ITO ni 3, CHUMVI ni 6, MUNYU ni 5. Kwa kuwa mtungaji daima ana upungufu wa maneno ya kutosha nafasi zake, utajiri wa lahaja ni akiba yake, mradi aonyeshe katika dokezo kuwa neno ni la lahaja. Hapo ndipo kanuni ya Afrit inapotufaa.

Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, iliyotoka Nairobi mwaka 1998, ilitupatia mahali pa kuvitafuta visawe vyetu. Kilichobaki ni kuvipima, yaani kuuliza kila jozi: yabadilishana wapi, kwa ngeli gani, na kwa wasemaji gani? Mwalimu anayetaka kulifundisha swali hili hana haja ya kungoja nadharia mpya. Na achore visanduku ubaoni, awaachie wanafunzi chaki.