Kichocho, Ng'ombe na Hesabu ya Kromosomu

Mtu atokaye soko la Kariakoo na kufuata Barabara ya Morogoro kuelekea Magomeni hana budi kulivuka bonde la Jangwani, upitapo Mto Msimbazi. Masika yakizidi, bonde lile hugeuka ziwa. Katika miaka ya 1980 watafiti walieleza ya kuwa kichocho cha mkojo kilikuwa kikiambukizwa ndani ya Dar es Salaam yenyewe, wala si maradhi yaliyoletwa na wageni wa mashamba tu. Na waambukizaji walikuwa konokono wa jamii ya *Bulinus*.

Kwa msemaji wa kawaida, kichocho ni kule kukojoa damu. Neno lataja dalili, halitaji mdudu. Wataalamu wa Ulaya nao walianza na machache: Theodor Bilharz alimwona mnyoo mwenyewe huko Cairo mwaka 1851, na kwa zaidi ya miaka hamsini baadaye walibishana juu ya mayai. Mengine yana mwiba nchani, mengine ubavuni. Je, ni mnyoo mmoja au miwili? Sambon aliitenga miwili mwaka 1907, akaupa ule wa tumbo jina la *Schistosoma mansoni*, lakini wengi hawakusadiki mpaka Leiper alipoonyesha huko Misri mwaka 1915 ya kuwa kila mmoja hukua katika konokono wake.

Ndipo wakaja wahesabuji wa kromosomu, yaani zile nyuzi ndogo ndani ya chembe hai zichukuazo urithi. Mwaka 1960 Short na Menzel, Wamarekani, walichapisha hesabu za aina tisa za minyoo ya ukoo huu. Waliotaraji kwamba kila aina itakuwa na hesabu yake walivunjika moyo, maana minyoo ya jenasi ya *Schistosoma*, ya mkojo na ya tumbo, ya watu na ya ng'ombe, yote ina jozi nane. Faida ilikuja kutoka kwenye umbo la kromosomu, hasa zile za jinsia.

Yafaa tukumbuke ya kuwa minyoo bapa ya vimelea, kama ule wa ini la ng'ombe, aghalabu huwa dume na jike katika mwili mmoja. Minyoo ya kichocho imetengana, dume mbali na jike mbali, na jozi isiyolingana i kwa jike. Kwa binadamu ni kinyume, dume ndiye mwenye jozi hiyo. Mnyoo wa kichocho basi hufanana katika jambo hili na mtetea auzwaye Kariakoo, ijapokuwa hapana udugu wa karibu baina yao. Njia hiyo ilizuka mara mbili, mbalimbali. Mwaka 1981 Grossman, Short na Cain waliipaka rangi kromosomu ya jike, wakaona minyoo ya Afrika inatofautiana na ya Asia. Huo ulikuwa ushahidi wa nasaba ambao mwiba wa yai usingeweza kuutoa.

Lakini nasaba ikiwa karibu sana huleta mashaka. *Schistosoma bovis*, aliyeelezwa na Sonsino mwaka 1876, huishi katika mishipa ya matumbo ya ng'ombe. Naye hutumia konokono wa *Bulinus*, na kromosomu zake zalingana kwa idadi na za mnyoo wa mkojo wa watu. Wawili hawa huweza kuzaana. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulikuta vipande vya urithi wa *bovis* katika minyoo ya watu wa Niger. Katika ile ya Zanzibar havikuonekana. Baadaye *bovis* alitambuliwa Pemba, kisiwa kipokeacho ng'ombe kutoka bara.

Nayo Dar es Salaam hupokea ng'ombe wengi kuliko Pemba, na machinjio ya Vingunguti yako katika bonde lile lile la Msimbazi. Mganga wa afya akishika maana ya zamani ya neno, atapima mikojo ya watoto na kuwapita ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe mwenye *bovis* kwa kawaida hakojoi damu. Hata hivyo wataalamu wetu husema na kuandika “kichocho cha ng'ombe”, na sijasikia mtu akipinga. Usemi huo, ukiutazama kwa dalili, ni kosa. Ukiutazama kwa kromosomu, ni sahihi kabisa.