Fimbo ya Mbali: Habari ya Wahaiti na Ujumbe wa Simu



Wazee wetu hutuambia: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Maana yake twaijua. Siku ya hatari, anayekuokoa ni yule aliye karibu nawe. Katika vita vyetu vya Kivu na vya Ituri, ni jirani aliyetuficha, ni jirani aliyetugawia muhogo wake. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini leo nataka kukupa habari ya mwaka 2010, wakati watu waliokuwa mbali sana walipowasaidia ndugu zao walioangukiwa na nyumba, nao hawakuwa na kitu mkononi ila lugha yao na ordinateri. Fuata vizuri, kwa sababu habari hii inatugusa.

Haiti na sisi

Haiti ni nchi ya bahari ya Karibi. Wenyeji wake wengi ni wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani, na wengi kati ya hao walitoka katika ufalme wa Kongo. Mwaka 1804 walijipatia uhuru kutoka mikononi mwa Wafaransa.

Sisi tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wabelgiji wengi walikwenda zao, na Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno. Shule zilikosa walimu. Ndipo Wahaiti wengi walipokuja, wengine kwa njia ya Umoja wa Mataifa. Walijua Kifaransa, na wengi wao walikuwa wakiukimbia utawala mkali wa Duvalier huko kwao. Mzee uliyesoma miaka ile, labda unamkumbuka mwalimu wako Mhaiti. Basi tusiulize: Haiti ni nani kwetu? Walitufundisha kusoma. Leo tuone kama wana jambo lingine la kutufundisha.

Namba 4636

Tarehe 12 Januari 2010, saa 10 na dakika 53 za jioni, ardhi ya Haiti ilitetemeka kwa nguvu. Katika mji mkuu, Port-au-Prince, na katika Léogâne, nyumba ziliwaangukia watu. Ikulu ya rais ilibomoka, makao ya Umoja wa Mataifa pia. Hesabu za waliokufa zinapishana, lakini ile ya serikali ilipita watu 200,000.

Waokoaji walifika kutoka nchi nyingi. Walikuwa na ndege, mbwa wa kunusa, dawa na mashini za kuinua mawe. Kitu kimoja walikikosa: masikio. Raia wa Haiti husema Kikreoli, na Kifaransa kinajulikana vizuri na wale waliosoma tu. Mwokoaji kutoka Marekani angesikiaje kilio cha mama anayelia kwa Kikreoli?

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mitambo ya simu ilipoanza tena kufanya kazi, namba fupi ilifunguliwa, 4636, na mtu aliweza kuiandikia bila malipo. Redio za huko zikawatangazia watu: Andika uko wapi, andika unahitaji nini. Ujumbe ukaja kwa wingi. Huyu alisema kuna mtu chini ya nyumba. Yule alisema kambi yao haina maji. Mwingine aliomba dawa.

Ujumbe huo ulipita kwa intaneti hadi kwa Wahaiti waliokuwa wakiishi Marekani, Kanada na kwingineko. Kila mmoja alikuwa nyumbani kwake au kazini kwake. Aliusoma, akaugeuza kwa Kiingereza, akatafuta mahali penyewe kwenye ramani, kisha habari ikarudishwa kwa waokoaji. Mara nyingi hayo yote yalichukua dakika chache tu. Walikuwa zaidi ya watu 1,000, waliojitolea bila mshahara. Wengi wao walikuwa na jamaa zao kule kule, nao walisoma vilio vya watu wengine huku wakingoja habari za watu wao. Baadaye sehemu ya kazi hiyo ilifanywa ndani ya Haiti yenyewe, katika mji wa Mirebalais, na watu waliolipwa. Kwa jumla ujumbe karibu 80,000 ulishughulikiwa.

Nani alifanya kazi?

Chukua mfano mmoja. Ujumbe ulikuja ukisema kwamba hospitali ya Sacré-Coeur katika mji wa Milot, karibu na Okap, iko tayari kupokea wagonjwa. Mgeni angetafuta Okap kwenye ramani asiione. Mhaiti anajua mara moja: Okap ndilo jina ambalo watu wa nyumbani huuita mji wa Cap-Haïtien. Na pale ambapo mmoja hakujua, aliwaandikia wenzake: Nani anaijua njia hii? Nani amepata kupita penye kanisa hili? Mtu aliyekaa maelfu ya kilometa kutoka pale akajibu, kwa sababu alichezea njia hiyo utotoni.

Lakini sifa zilikwenda wapi? Magazeti mengi yalisifu mashini na ramani za intaneti. Walisema sana juu ya Ushahidi, programu iliyotengenezwa Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008, ili raia waeleze mabaya waliyoyaona wakati wa fujo za uchaguzi. Tusiidharau kazi hiyo. Hata jina lake ni la lugha yetu. Ila Robert Munro, aliyekuwa mmoja wa waratibu wa kazi ya 4636, alichapisha uchunguzi wake mwaka 2013, akaonyesha wazi: waliofanya sehemu kubwa zaidi, kwa upesi zaidi na kwa makosa machache zaidi, ni Wahaiti wenyewe na wale waliofanya kazi karibu nao. Kumbe kilichosaidia zaidi kilikuwa kitu cha zamani sana: kumjua mtu, kujua lugha yake na kujua njia ya kwao.

Uchunguzi huo ulitaja pia kosa. Sehemu ya ujumbe iliwekwa kwenye ramani iliyoweza kusomwa na kila mtu duniani, pamoja na habari za watu ambao hawakuulizwa kama wanakubali. Ndugu, wewe unayeishi penye vita unaelewa jambo hilo kuliko wengine. Kwetu, jina la mtu na kilima alipojificha, vikijulikana na mwenye bunduki, ni kifo.

Fundisho kwetu

Kwanza, usidharau ulicho nacho. Watoto wetu wametawanyika: wako Kampala, Nairobi, Bruxelles, Montréal. Wengi huona haya, wakisema: Sina pesa ya kutuma, nitasaidia nini? Lakini mtu anayejua Kiswahili cha kwetu, Kinande, Kilendu au Kinyarwanda, na anayejua kijiji kilipo nyuma ya mto gani, ana mali ambayo mgeni hawezi kuinunua.

Pili, tunza siri. Anayekuandikia katika shida amekukabidhi maisha yake. Mpelekee habari yule tu anayeweza kusaidia, basi.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Simu hiyo hiyo iliyobeba kilio cha Mhaiti, kwetu mara nyingi imebeba uchochezi. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika moto, watu wa Goma walikimbia usiku, na simu zilijaa habari za kweli na za uongo pamoja. Wakati wa vita ni vilevile: mtu aliye mbali, ambaye risasi haitamfikia, anaandika neno la chuki, na neno hilo linamwua aliye karibu. Fimbo ya mbali, ndugu, huumiza.

Wale Wahaiti walipofungua ujumbe, waliuliza mambo mawili: Yuko wapi? Anahitaji nini? Hawakuanza kwa kuuliza ni wa ukoo gani, wala alimpigia nani kura. Je, sisi tukipata ujumbe wa kilio kutoka kilima cha jirani, tunauliza hayo mawili, au tunauliza kwanza: Huyu ni wa kabila gani?

Kweli, hao wa mbali hawakuinua jiwe hata moja. Mawe yaliinuliwa na mikono ya majirani na ya waokoaji. Wazee wetu hawakukosea. Lakini aliye karibu na nyoka anahitaji mtu wa kumwambia: Nyoka yuko pale, chini ya ukuta ule. Wewe uliye mbali, hilo unaweza.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:
1. Katika avenyu yako, nani anajua lugha ambayo wengine hawaijui? Tumemwomba msaada lini?
2. Mara ya mwisho ulipopata habari ya kutisha kwa simu, uliipeleka kwa nani, na kwa nini?
3. Mtoto wako aliye ng'ambo anakuandikia nini juu ya majirani zako? Na wewe unamjibu nini?